Jiwe la Nyumba Yetu

Tofali lililochomwa halisahau maji. Lidondoshee tone moja tu, hata likiwa limekaa miaka na miaka, litakurudishia harufu ya siku udongo wake ulipokanyagwa. Hilo nimelijua juzi, nilipofungua sanduku la mama. Matanga yalikuwa yamekwisha, ndugu wamerudi kwao, nami nimebaki peke yangu chumbani mwake hapa Likasi, nikitenga vitenge: hivi vya kugawa, hivi vya kubaki. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kichwa kilichofungwa mafundo mawili, palikuwa na kitu kizito. Nusu ya tofali. Nikalifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na ile harufu ya udongo wa kichuguu ikanipanda puani. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji, vitenge vimenizunguka.

Sikujua kama alilibeba. Tumehama nyumba nne, mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia mizigo, na siku zote sanduku lile alilibeba mwenyewe. Nilidhani ni ubishi wa wazee.

Sasa nianze wapi? Nianze Shituru, kwa sababu ndiko tulikokuwa watu. Tulikaa nyumba ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, chumba na sebule, reli ikipita nyuma, na mama alikuwa akipanga vikombe vyake dirishani wapita njia wavione. Baba alipopoteza kazi kiwandani alifanya walichofanya baba wote wa mtaa wetu: alichukua sururu na gunia akaenda mashimoni. Kaka yangu Mumba akamfuata. Alikuwa mwembamba, akipita pale watu wazima wasipopita, na baba alimsifu kwa hilo mbele ya wageni. Halafu siku moja shimo likamfunika baba. Walimtoa siku ya pili, na mama hakuruhusiwa kumfunua uso.

Nyumba ya kambi haikuwa yetu tena. Tukapanda lori la makala, makaa ya kupikia, lililokuwa likirudi tupu, tukapita Buluo, mama akanionyesha ukuta wa gereza na kusema, "Unaona? Batoto ba bongo njo banafungiwa mule." Watoto waongo, yaani. Nikauangalia ukuta ule mpaka ukapotea. Tulishuka mbali zaidi, kijijini kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alitupa kibanda cha nyasi nyuma ya jiko lake. Sitamsema vibaya, alitoa alichokuwa nacho. Lakini mvua ilipokuja nyasi zile zilikuwa mapambo tu. Tulilala tumesimamisha masufuria juu ya mkeka, na asubuhi mama aliyamwaga bila kusema neno.

Lazima niseme jambo moja la kwetu, wengine hawalijui. Mimi nilibeba jina la bibi yangu, mama yake mama. Basi mama hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita "mama." Mama kuya kula, mama acha kelele, mama umelowa. Na alipokuwa na huzuni aliniita hivyo kwa sauti ndogo, na mimi, mtoto wa miaka minane, niliitika kwa uzito wote wa bibi kizee. Nilijiona mkubwa wa nyumba.

Jumapili ya kwanza kijijini mama alimshika Mumba mkono, akampeleka mbele kwa mchungaji. Wote tulimwita Pasta. Zamani alikuwa mtu wa reli. Alikuwa mrefu, mikono mirefu inayopita mikono ya shati, na alihubiri amefumba macho. Kanisa lilikuwa paa la nyasi juu ya miti sita, bila ukuta. Mama akapiga magoti, akamvuta Mumba naye apige.

"Pasta, mutoto huyu minye ninamuleta kwa Mungu. Baba yake ameliwa na shimo. Kama anabaki mikononi mwangu, mashimo yatamukamata na yeye. Mumupatie kazi ya Mungu, hata ya kubeba maji. Asirudie shimo. Siko na ombi ingine."

Pasta akaweka Biblia mbele ya Mumba, na Mumba akaapa. Nilimsikia. Aliapa kwamba hataingia tena chini ya ardhi mpaka siku watakapomzika. Watu wakasema amina. Mama akalia, akacheka, akalia. Hakuomba tena kitu kingine kwa Mungu tangu siku ile. Hata akiumwa jino alisema asimsumbue, ameshampa kazi kubwa.

Kazi ya Mungu ilikuwa tayari inamngoja. Kijiji kilikuwa kimeamua kujenga kanisa la matofali, la kweli, na mlango, na kuta zitakazopakwa chokaa ya Kakontwe. Kila Jumamosi ilikuwa salongo ya Bwana. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelazimishwa. Unakuja na mikono yako. Na kwa kuwa mnajua jinsi matofali ya huku yanavyotengenezwa, mnajua pia kwamba hayaanzi na udongo wa shambani. Yanaanza na kichuguu. Karibu na paa la nyasi la kanisa palikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba ya mjomba, miti imeota juu yake. Wanaume walikivunja ubavu kwa sururu, wanawake wakaleta maji kutoka mtoni, na sisi watoto tukakanyaga.

Eh, kukanyaga! Sijapata kucheza mchezo mwingine uliozidi ule. Udongo ulikuwa baridi asubuhi na vuguvugu mchana, ulinyonya mguu mpaka gotini na kuutoa kwa mlio wa aibu uliotuchekesha kila mara. Mchwa waliobaki walituuma katikati ya vidole. Tuliimba pambio tukishikana mabega, na anayeanguka alikandwa pamoja na udongo. Nikirudi nyumbani mama alinikwangua kwa kipande cha kibuyu, akilalamika, "Mama, weye leo watakuweka ukutani, hawatajua kama ni muntu."

Mumba alipewa fomu ya mbao ya kufyatulia matofali. Alijaza udongo, akausawazisha kwa kiganja, akainua fomu, na tofali likabaki limekaa juu ya ardhi likimeremeta. Kisha, kabla halijakauka, alibonyeza kidole gumba kwenye pembe moja. Kila tofali. Pasta alimuuliza alama ile ya nini.

"Ili Mungu ajue njo minye nilifanya," alisema Mumba.

"Mungu anajua bila kidole yako."

"Ndiyo, Pasta. Lakini batu bako bengi."

Pasta alicheka mpaka akakaa chini. Akamwacha. Matofali yakajipanga chini ya nyasi kavu, yakageuzwa, yakapangwa kuwa tanuru, yakazibwa kwa tope na kuchomwa kwa magogo, na yalipofunguliwa yalikuwa mekundu, kila moja na kidole cha kaka yangu pembeni. Nilikuwa nikipita nikiingiza kidole changu gumba kwenye vile vishimo. Kilikuwa kinaogelea. Mumba alikuwa jitu kwangu.

Mama aliimba njiani akienda mtoni. Wifi yake, mke wa mjomba, alimwuliza kama amepata mchumba. "Nimepata mutoto wangu," akajibu, na beseni halikutikisika kichwani.

Sasa nakuja kwenye jiwe. Nimekuwa nikilizunguka kama kuku anayeogopa mwewe.

Ilipofika siku ya kuweka msingi, Pasta alitangaza kwamba kila nyumba italeta jiwe lake. Litaombewa, litalazwa chini ya ukuta, na nyumba ile itakuwa imesimama ndani ya kanisa siku zote. Hata maskini ana jiwe, alisema. Jumamosi mama alikuwa na homa. Akaniita, "Mama, nenda mtoni utafute jiwe ya nyumba yetu. Chagua muzuri, ya duara. Batu basiseme wajane banaleta kokoto."

Mto ulikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Sina sababu nyingine ya kuwapa, na nimeitafuta maisha yangu yote. Uvivu, basi. Tena nilijua mahali penye jiwe zuri kuliko yote ya mtoni. Tulipokuwa tukichota udongo chini ya kichuguu, pale wanaume walipochimba ndani zaidi, niliwahi kuona kitu kikichungulia ukutani. Nikaenda, nikachokoa kwa kijiti, likatoka. Nikalitemea mate nikalisugua kwa gauni. Lilikuwa la kijani, kijani cha shingo ya bata dume, lenye mistari ya kukolea na kufifia. Nililifunga kwa jani la mgomba, nikakaa kivulini nikicheza na wenzangu mpaka muda wa kutosha kwenda mtoni na kurudi ukapita.

Mtasema, mtoto wa mchimbaji hakujua kwamba lile ni jiwe la shaba? Sikujua. Baba hakuleta mawe nyumbani. Alileta gunia tupu, nguo zenye vumbi na mkate.

Jumapili nyumba zikapita moja moja. Mawe ya kijivu, mawe meusi, mmoja alileta kipande cha jiwe la kusagia. Pasta aliinua kila jiwe kwa mikono yote miwili, akataja nyumba, akaomba. Mama alikuwa bado dhaifu, amejifunika kitenge, ndipo nikapeleka mimi. Pasta akafungua jani. Akaliinua.

Kelele zote zikafa. Watoto wachanga tu ndio walioendelea. Wanaume waliokuwa wameegemea miti wakasimama wima, mmoja baada ya mwingine. Mjomba akavua kofia. Na Mumba, niliyemtafuta kwa macho ili anione, alikuwa anatetemeka mikono, machozi yanamtoka, midomo inacheza bila sauti.

Nilidhani Roho amemshukia. Naapa, ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimeona watu wengi wakitetemeka pale na kulia, na kila mara mama alininong'oneza kwamba ni Roho. Nikasema moyoni, jiwe langu limemleta Mungu mwenyewe. Nilirudi kukaa nikiwa nimevimba kichwa. Mkono wa mama ukanishika bega, ukanibana mpaka nikataka kulia.

Nyumbani akafunga mlango, akachuchumaa mbele yangu ili macho yetu yawe sawa.

"Mama. Jiwe hii uliokota wapi?"

Nikauona ukuta wa Buluo. Nikaona atagundua kwamba nilikaa kivulini wakati yeye yuko kitandani.

"Mtoni."

"Mtoni?"

"Ndiyo, mama. Mtoni, pale pa kuchota."

Akaniangalia uso, kisha akaniangalia chini, kisha uso tena. "Muzuri," akasema. Akasimama akaenda kuangalia sombe lake, mboga ya majani ya muhogo, jikoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husemwa, lakini mimi siku ile sikujikwaa. Nilitembea na uongo wangu sawasawa kama mtu aendaye sokoni.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado halijatua, Mumba alinifuata nyuma ya nyumba. Alinipa nusu ya kiazi chake kitamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniuliza swali lile lile, kwa sauti ya kunibembeleza. Yeye nikamwambia kweli. Kwa nini nimdanganye? Hakuwa mtu wa kunichapa. Nikampeleka mpaka kwenye kichuguu nikamwonyesha kishimo. Aliingiza mkono mpaka kwenye bega, shavu limegusa udongo, macho ameyafumba kama Pasta akihubiri.

"Usimwambie mama," alisema.

Nikadhani anamwandalia zawadi. Nilifurahi kuwa na siri ya watu wakubwa.

Kuanzia kesho yake kazi ya Mungu ilipata watu kupita kiasi. Hakukuwa na haja ya kungoja Jumamosi. Walikuja wanaume ambao hawakuwahi kukanyaga ibada, na sururu zao, na mishumaa, na kamba. Kamba ya Pasta iliyoonyesha mstari wa ukuta ikakatwa ikatumika kwa kazi nyingine. Msingi haukuchimbwa kufuata mstari. Ulichimbwa pale kwenye kichuguu, kwenda chini. Kwanza nikawaona mpaka kiunoni, baadaye vichwa tu, baadaye sauti.

Nami nilielewa kila kitu, ndivyo nilivyojiona. Pasta alikuwa ametuhubiria habari za mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Basi wanautafuta mwamba. Wenzangu waliponiuliza mbona hatukanyagi tena udongo, niliwafafanulia kama mwalimu: subirini, hawajaufikia. Magunia yaliyotoka pale juu ya baiskeli nilisema ni uchafu unaotupwa mbali ili kanisa liwe safi.

Na Pasta? Nimemlaani mtu yule miaka mingi, halafu nimechoka kumlaani. Hakununua hata shati. Alisimama ukingoni siku nzima akiwaombea waliomo chini, na aliamini, Mungu ni shahidi, kwamba mawe yale yakiuzwa ni mabati. Paa letu liko chini ya ardhi, aliwaambia watu, tumelikalia bila kujua.

Siku moja mama alipita na beseni la maji. Tulikuwa wote wawili. Akasimama ukingoni akaangalia chini.

"Mumba."

Sururu zikanyamaza.

"Mumba, weye uko mule?"

Sauti ikapanda kutoka gizani, ya furaha, ya mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Mama, hii si shimo! Ni musingi tu!"

Pasta akasogea. "Mama, ni siku kidogo tu. Tunatafuta mabati ya nyumba ya Mungu. Na kwa nyumba yako tutaweka."

Mama akalishusha beseni chini, taratibu, bila kumwaga. Akaliacha pale liwe maji ya kunywa ya wachimbaji. Akaenda nyumbani mikono mitupu, nami nyuma yake nikirukaruka. Nilidhani ameridhika. Msingi tu, si umeambiwa?

Mvua ya kwanza mwaka ule haikupiga hodi. Ilikuwa asubuhi, watu wamekunywa chai. Ikanyesha kwa nguvu, ikaacha, jua likatoka, na wanaume wakacheka wakarudi chini wakisema imeosha njia. Mimi nilikuwa karibu, nikipanga vijiwe. Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kishindo kizito kifupi, cha gunia la unga linapotua sakafuni. Kichuguu, kile kikubwa kuliko nyumba, kikakaa chini na miti yake yote.

Walikuwa watatu. Wawili walikuwa karibu na mdomo, wakatolewa wamepakwa udongo mpaka kwenye macho, wakikohoa. Wa tatu alikuwa yule mwembamba, anayepita pale wengine wasipopita.

Wanawake walichimba kwa mabeseni, kwa sahani, kwa kucha. Pasta alivua shati, mikono yake mirefu ikaingia na kutoka, akiita jina la Mumba kwa sauti isiyo ya kuhubiri. Mvua ikarudi. Udongo ukashuka tena, ukakaribia kumchukua mjomba. Siku ya pili ukashuka mara ya tatu. Wanaume wakatupa sururu, wakaangalia pembeni, kila mmoja anangoja mwingine aseme. Aliyesema ni mama. Alikuwa amekaa juu ya tope tangu jana, hakuna aliyeweza kumwinua.

"Mumuache," akasema. "Alisema ataingia chini siku ya kuzikwa. Basi amezikwa."

Shimo haliachwi wazi. Likafunikwa kwa udongo, na juu ya udongo wakaamua kuweka matofali. Yalikuwa yapo pale, mekundu, yamepangwa, yanangoja kanisa. Wanawake na watoto wakajipanga mstari, tukayabeba kichwani, uleule mstari tuliozoea kubebea maji ya salongo. Hakuna aliyeimba. Nilibeba moja moja, na kila tofali nililolishusha nililitafutia ile pembe. Kidole, kidole, kidole. Alikuwa ameweka alama kwenye kaburi lake kuanzia kiangazi, na mimi nimekanyaga udongo wake huku nikicheka.

Kanisa halikujengwa. Pasta aliondoka kabla ya mvua kwisha, nasikia alirudi kukaa kando ya reli, hahubiri. Miaka iliyofuata watu walikuja na mashine, wakachimba upande wa pili, kisha huu. Sijui matofali yalikwenda wapi. Nikipita njia ile leo siwezi kukuonyesha hata mahali palipokuwa na mto.

Mama hakuniuliza tena habari za jiwe. Hakunichapa, hakunilaumu, alinilisha, alinisomesha kwa kuuza makala na baadaye samaki wa chumvi. Lakini tangu siku ile ya matofali hakuniita tena "mama." Aliniita kwa jina langu jingine, lile la kwenye karatasi za shule, lote, bila kulikata. Mara ya kwanza niligeuka nyuma nikidhani anamwita mtu mwingine. Nilikua nikijua maana yake: amejua. Amejua kwamba nilimdanganya, na kwamba kama ningesema kichuguu badala ya mto, angemshika Mumba mkono siku ileile na kumpeleka mbali. Nilikuwa msichana mwema mno baada ya hapo. Niliosha vyombo vya nyumba nzima na vya jirani. Kila jioni nilijiambia, leo nitasema, na kila asubuhi niliamka nayo mdomoni kama kokwa.

Nimesema mwaka huu. Nimesema nikiwa na mvi. Mama alikuwa amelala chumbani humu, kifua kimembana, nami nikimpa uji kwa kijiko. Nikaweka kijiko.

"Mama, lile jiwe sikulitoa mtoni."

Hakufumbua macho. "Ninajua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mtoni minye nilikuwa ninachota maji kila siku. Mawe ya kule yote ni ya kijivu." Akapumzika. "Tena niliangalia miguu yako. Ilikuwa bado na udongo ya kichuguu mpaka kwa magoti, sababu na homa ile sikukukwangua."

Miaka yote nilikuwa nimeandaa machozi kwa ajili ya jambo jingine.

"Basi kwa nini hukumwondoa?"

Nje jirani alikuwa akitwanga sombe.

"Nyasi," akasema. "Nilichoka na nyasi. Kumwaga masufuria kila asubuhi, nyuma ya jiko ya muke wa kaka yangu. Nikasema, acha bachimbe kidogo. Mabati tu. Kisha nitamutoa. Nikasema kesho. Nikafika pale, nikamusikia anacheka mule chini, nikasema kesho." Kifua kikapanda na kushuka. "Weye ulikuwa mutoto. Minye nilimupeleka kwa Mungu mbele ya batu, kisha nikamukopesha kwa shimo."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi. Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na aibu imeshakwisha, kwa nini aliacha kuniita kama zamani.

"Nilisikia haya," alisema. "Ile 'mama' ilikuwa jina ya mama yangu. Ningeliitaje?"

Nikangoja. Nawaambieni kweli, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa, niliinama mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake, nikangoja aniite. Ningeridhika na mara moja. Akaomba maji. Nikampa, akanywa kidogo, akageukia ukutani. Siku tatu baadaye alikwisha, na katika siku hizo tatu aliniita mara nyingi, kwa jina la karatasi.

Kwa hiyo nimebaki na nusu hii ya tofali. Sijui aliichukua lini, kwenye mstari ule ule wa kubeba labda, chini ya kitenge, wakati mimi nalia. Pembe iliyobaki ndiyo yenye alama. Nimekaa nayo mapajani mpaka jua limeondoka dirishani. Nikafanya nilichokuwa nikifanya zamani: nikaweka kidole changu gumba pale alipoweka chake.

Hakikuingia. Nikakigeuza, nikajaribu tena kwa upole, nikidhani kuna udongo ndani. Hakuna udongo. Ni kidole kidogo tu, cha mtoto.